Bastola ya Kilemba

4 Rajabu 1419

Daftari hili kaninunulia mjukuu wangu Lamya. Eti maneno yangu ni mengi kuliko masikio ya nyumba hii, yaliyobaki niyaandike. Haya. Skuli mie sikuingia hata kuchungulia dirishani. Herufi nilizipata chuoni Unguja, kwa Kurani na kwa fimbo, na Kiswahili changu nakiandika kwa herufi hizo hizo. Lamya Kiarabu anakisoma kama maji, lakini Kiswahili kwa herufi hizi anakisoma kama mtu anayetafuna mchanga. Afadhali.

Leo soko la samaki Matrah nimemrudishia muuzaji changu wake. Nikamwambia, jicho la samaki wako limezama, na lako litazama ukinidanganya. Akacheka, akanipa mwengine.

7 Rajabu

Kikohozi. Lamya kanichemshia tangawizi mpaka koo likaomba msamaha.

9 Rajabu, Ijumaa

Bi Sayyida kapiga simu. Wanakuja Alkhamisi, wanawake wa kwao na wa kwetu, kuleta kishika uchumba. Mwanawe Mutasim anamtaka Lamya, na Lamya anamtaka Mutasim mpaka chakula hakimshuki. Kijana mzuri. Yuko Wattaya, kwenye duka la vipuri vya magari, mkuu wa sehemu yake. Anapoingia ndani huvua viatu na kuvipanga, na vya wenzake anavipanga.

Mwisho wa simu ndipo Sayyida akasema, kama mtu aliyesahau kijiko mezani: baada ya harusi Mutasim anapelekwa Salala kuongoza tawi jipya.

Nikasema kheri, inshallah.

Salala ni saa kumi na mbili kwa basi. Lamya nimemlea tangu ana miezi minane, mama yake, binti yangu, alipofariki. Nywele zake nimezisuka mie, meno yake nimeyang'oa mie.

Wali umeungua.

13 Rajabu

Nimesafisha nyumba. Mwanangu Saeed, mjomba wake Lamya, kasema, "Mama, ukuta huo umeshapauka kwa kusuguliwa." Nikamwambia wewe je, ulipaukia wapi.

15 Rajabu, Alkhamisi

Ntaandika leo leo, maana kesho ntakuwa nimeshaipamba.

Walikuja tisa baada ya Alasiri. Bi Sayyida, dada zake wawili, jirani yetu Buthaina ambaye mdomo wake hauna mlango, na watano wengine. Wanaume walikuwa barazani na Saeed. Udi ukafukizwa, halwa ikaliwa, dhahabu ya Lamya ikafunguliwa, vigelegele.

Halafu Sayyida akatoa sanduku la mbao. Akasema, "Hichi ni kilemba cha marehemu Bwana Amur. Mutasim kasema babu hayupo, lakini heshima yake ipo, na atakayeipokea ni wewe."

Kilemba kwetu ni heshima ya mzee wa biharusi. Kwa kawaida ni kitambaa, au bahasha. Hichi kilikuwa bastola.

Mume wangu Amur alikuwa fundi wa bunduki, Unguja na kisha hapa Matrah. Alikuwa na bastola ya baba yake, ya zamani, ya kushindiliwa baruti, yenye kigurudumu cha matundu sita. Mwaka wa sitini na nne, wa mapinduzi, tulitoka Unguja na nguo tulizovaa, ikabaki. Mpaka anakufa alikuwa akiisema kama mtu anayemsema mtoto. Lamya kamhadithia Mutasim, na Mutasim, alipopelekwa Italia na duka lake kujifunza kazi, akatafuta wanaotengeneza za mfano ule ule, mpya, akanunua, akahangaikia kibali cha polisi miezi sita. Nimeyajua haya leo, mbele ya watu, sanduku limo mapajani.

Sasa ujue kitu kimoja. Amur alinifundisha kukagua. Kila bunduki aliyoimaliza niliishika mie kwanza kabla ya mwenyewe. Kwanza parafujo, akisema, kisha mtutu, kisha kigurudumu, mpini mwisho. Watu wakaja wakisema, jicho la Bi Aliya limeshapita? Basi wanawake wote tisa wakaniangalia. Buthaina akasema, "Haya bibi, kagua, tuone kama Italia wanakuweza."

Nikakagua. Mdomo wa mtutu una mkwaruzo. Kigurudumu kina mstari uliokizunguka kama pete, rangi imeliwa mpaka chuma cheupe. Nikachovya kitambaa kwenye matundu, kikatoka na masizi. Shaba ya chini ina alama za tupa. Mpini umevimba kuliko chuma, mbao na chuma havikukutana.

Nikasema, na sauti yangu mie haijui kunong'ona: "Hii imetumika. Hii imepigwa, ikachoka, ikafutwafutwa ikaletwa. Mume wangu kaletewa kilemba kilichovaliwa na mtu mwengine."

Buthaina akakiweka chini kipande chake cha halwa.

Mutasim akaja mpaka nyuma ya pazia la mlango. "Bibi, ni mpya. Karatasi nimeifungua mwenyewe."

"Basi ama umedanganywa, ama unadanganya. Muuza vipuri hajui kipya na kikuukuu? Chagua moja, mwanangu."

Sayyida akainuka. Hakupandisha sauti. "Dhahabu mnaweza kuirudisha kesho." Wakatoka, mabuibui yao yakifagia kizingiti changu. Sanduku likabaki mapajani mwangu.

Lamya alikuwa amesimama na sinia la halwa. Hajalia. Kaliweka chini taratibu, kaingia chumbani.

16 Rajabu

Hajatoka.

18 Rajabu

Saeed karudisha dhahabu. Bastola wameikataa. Mutasim kamwambia Saeed kilemba hakirudi, ni cha Babu, Bibi akitaka aitupe baharini.

27 Rajabu

Miraji. Nimepika biriani ya kuku, anayoipenda Lamya. Kala matonge matatu, kaosha vyombo vyote, kaniambia "asante Bibi." Asante! Mtoto niliyemfuta makamasi ananiambia asante kama mie mpishi wa hoteli.

Nilisema kweli au sikusema? Mstari upo. Masizi yapo. Ntaipeleka kwa Marhoon, fundi mwenzake Amur, anipe ushahidi, watu wanyamaze.

3 Shaabani

Nimekwenda kwa Marhoon.

Marhoon alikaa benchi moja na Amur miaka ishirini. Ana kijiduka chake bado, uchochoro wa nyuma ya soko la Matrah, lakini siku hizi anatengeneza majambia ya watalii wanaoshuka kwenye meli. Kazeeka, mikono tu ndiyo haijazeeka.

"Bi Aliya! Umekuja kuniposa? Umechelewa, meno yamekwisha."

"Hata ulipokuwa nayo sikuyataka. Shika hii, uniambie imetumika kiasi gani."

Akaitoa sandukuni. Akaigeuza, akaizungusha, akaisikiliza kama anasikiliza tumbo la mwanamke. Akacheka.

"Nani kasema imetumika?"

"Mie."

Cheko likakatika. Kaniwekea kiti.

"Njoo uone. Huu mstari. Chini ya kigurudumu kuna kijino cha chuma, kinachupa juu kukishika. Kila ukikizungusha, kijino kinakwaruza. Kiwandani wanakizungusha mara ngapi kabla hakijauzwa? Mpya zote za namna hii zina pete hii, mama, zinazaliwa nayo. Masizi: kule kila moja hupigwa kwanza kujaribiwa isije ikampasukia mtu, ndipo wanapiga muhuri huu hapa. Shaba imepigwa tupa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Mpini wameuacha mnene, hawakumaliza kuupiga msasa. Uvivu huu, si uchakavu. Iliyotumika huliwa hapa, zinapokaa fataki za kuwashia baruti. Baruti ina chumvi, inatafuna. Tazama. Pasafi kama jino la mtoto. Na parafujo..."

"Khalas," nikamwambia, "nimeelewa. Watalii wako wanangoja."

Hapakuwa na mtalii hata mmoja.

Akaifuta, akaniwekea sandukuni. "Amur angeipenda," akasema. "Angeisugua mpini mwezi mzima, halafu angeipenda."

Nimerudi kwa teksi. Dereva kaniuliza kama naumwa.

4 Shaabani

Sijasema kitu.

6 Shaabani

Ntasema Ijumaa, Saeed akiwapo.

7 Shaabani, Ijumaa

Saeed alikuwa na wageni.

11 Shaabani

Lamya kaniuliza ile bastola iko wapi. Nikasema chini ya kitanda. Akasema, "Marhoon kasemaje?" Kumbe anajua nilikwenda, dereva wa teksi ni mjomba wa rafiki yake. Nchi hii hata ukipiga chafya kuna shemeji wa mtu.

Nikasema Marhoon kazeeka, haoni vizuri.

Marhoon anatoboa tundu kwenye fedha nyembamba kama ganda la kitunguu.

15 Shaabani

Nusu ya Shaabani. Nimefunga. Wakati wa kufuturu Buthaina kaja na sambusa na habari, na habari ndizo zilizokuwa za moto.

Maneno yangu yametoka nje yakaenda mpaka Wattaya. Mtu akija dukani kwa Mutasim kununua breki, anauliza, "Hii mpya, au mpya kama bastola?" Wenzake wanacheka. Wakubwa hawacheki. Wanasema tawi la Salala haliwezi kupewa mtu ambaye wateja wanamtania kuhusu vipya na vikuukuu. Wamempa muda mpaka baada ya Idi, ndipo wamjadili.

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Naliandika hili lilivyo. Asipokwenda Salala, nikawaza, si wataoana wakae hapa? Nikala sambusa mbili.

Buthaina alipoondoka, zilizobaki nikawapelekea paka wa uchochoroni.

16 Shaabani

Jina la kijana ndilo duka lake. Nimelichoma moto, halafu nikaota moto huo huo.

29 Shaabani

Wanautafuta mwezi. Lamya kapanda juu ya paa peke yake. Miaka yote tulipanda pamoja.

1 Ramadhani

Swaumu njema. Uji wangu mzito.

4 Ramadhani

Nimekwenda kwa Bi Sayyida baada ya Adhuhuri, sanduku mkononi, bila kumwambia mtu. Walikuwapo yeye na dada zake wawili, wanakunja sambusa. Hakunikaribisha kukaa. Nikayasema yangu nimesimama.

"Bi Sayyida, nilikosea. Nimeipeleka kwa fundi. Ni mpya, zile alama zinazaliwa nazo. Nimemzulia mwanao. Macho yangu yamezeeka, unisamehe."

Akaendelea kukunja sambusa moja, akaifunga pembe zote tatu, akaiweka.

"Ulisema mbele ya wanawake tisa," akasema. "Hapa tuko watatu."

"Nimekuja kwanza kwako."

"Umefanya vizuri. Zimebaki nyumba sita. Na mdomo uliotembea mpaka Wattaya utajua njia ya kufika."

Mwanamke huyu angezaliwa mwanaume angekuwa jemadari. Angekuwa mtu mwengine ningempenda.

6 Ramadhani

Nyumba ya kwanza, Buthaina. Nilimwanzia yeye ili nyengine zinisubiri zikijua. Kalia, kanikumbatia. "Maskini bibi, macho haya! Nani asiyekosea?"

8 Ramadhani

Nyumba ya pili. Walinipa tende nzuri za Khalasi nifuturie nyumbani.

11 Ramadhani

Nyumba ya tatu. Mwenye nyumba kawaita binti zake waje wanisikilize. "Tazameni mtu mzima anavyojishusha. Hii ndiyo imani." Nikarudia mara ya pili kwa ajili ya mabinti. Nikaongeza kidogo juu ya macho.

14 Ramadhani

Nyumba ya nne na ya tano siku moja. Saeed kanipeleka kwa gari. Njiani kaniambia, "Mama, naona fahari juu yako." Dukani kwa Mutasim nako habari imeshafika, utani umepungua.

Ninapoingia sasa wananipisha njia. Wananibusu kichwa. Na mie, Mungu ananiona, nimeanza kuyapenda yale mabusu. Nimeshajua pa kunyamaza na pa kufuta jicho.

18 Ramadhani

Nyumba ya sita. Kwisha. Bi Sayyida kapiga simu, kasema Mutasim atasikilizwa na wakubwa zake Idi ikipita, na mambo yanaonekana mazuri. Na la posa tutazungumza. Nikasema alhamdulillahi. Lamya alikuwa jikoni, akasikia, hakugeuka.

21 Ramadhani

Nilimwita leo baada ya Alasiri. Nikamwambia mwanangu, nimezunguka nyumba zote na magoti yangu haya, nimejishusha mbele ya kila aliyesikia, umebaki wewe tu. Nisamehe bibi yako, macho yamezeeka.

Alikuwa anachambua mchele. Akachambua, akachambua.

"Bibi, nilipokuwa na miaka sita ulinikalisha mapajani ukanifundisha kuikagua bunduki ya mjomba Saeed. Unakumbuka ulinambia kianze nini?"

Nikainama kuuweka sawa mkeka.

"Kwanza parafujo. Ikiwa bisibisi imeshapita, mfereji wa kichwa cha parafujo utakuwa umeparurika, na hakuna fundi wa kuuficha. Ikiwa haujaguswa, chombo hakijafunguliwa, na bunduki ya baruti isiyofunguliwa haijatumika, maana ikitumika lazima ifunguliwe ioshwe. Ulinambia hivyo au hukunambia?"

"Nilikwambia."

"Siku ile nilikuwa nimesimama na sinia. Kidole chako kilianzia kwenye parafujo, Bibi. Kilizipita zote, moja moja. Nilikuona. Nikasema moyoni, sasa atasema ni mpya." Akainua uso. "Miezi miwili nangoja mtu wa kwanza kuambiwa hilo awe mie."

Akaondoka. Mchele ukabaki na mawe yake.

22 Ramadhani

Parafujo niliziona.

Nimekaa na daftari tangu Adhuhuri, na maneno hayo mawili ndiyo niliyoweza. Sasa yametoka, ntayafuatisha mengine.

Zilikuwa safi. Mifereji imenyooka kama ilivyokatwa, na ndani yake bado mna mafuta ya kiwandani, yameganda. Kabla sijagusa mtutu nilikuwa najua ni mpya. Mstari na masizi vilinishangaza, ndiyo, sikuwahi kuona bastola mpya maishani mwangu, zote zilizopita mikononi mwangu zilikuwa wazee wenzangu. Lakini nilijua. Vile vilema vilikuja kama watu wanaokuletea kamba wakati unatafuta cha kufungia. Nikafunga.

Kwa ajili ya Salala. Kwa ajili ya saa kumi na mbili za basi. Sikuweza kusema mbele ya watu, "Msinichukulie mtoto wangu," kwa hiyo nikasema mtoto wa mwenzangu ni mwongo.

Na daftari hili nililidanganya. Nimefungua nyuma nikasoma siku ya kumi na tano ya Rajabu. Nimeandika Amur alivyonifundisha, kwanza parafujo, halafu ukaguzi wangu ukaanzia mtutuni, mbio, kama mwizi. Hata peke yangu, kwa herufi ambazo hakuna anayezisoma, sikuweza. Na kwa Marhoon nilimkatiza maneno yalipofika hapo hapo. Na nyumba sita nimepita nikiuza macho yangu, wakanibusu kichwa. Macho yangu yanaona sindano gizani.

Nimemwambia Lamya yote haya mlangoni kwake, yeye ndani, mie nje. Mwisho nikasema, "Nilikuwa sitaki wende."

Nikasikia hatua zake zikija mlangoni. Kisha, "Ungesema tu, Bibi."

"Usingekwenda?"

"Ningekwenda. Lakini ningelia njia nzima."

Nikakaa pale pale chini. Mlango haukufunguka, lakini nilisikia naye amekaa, mgongo wake upande ule, wangu upande huu.

25 Ramadhani

Nimempigia Bi Sayyida. Nimemwambia siku ya pili ya Idi anikusanyie wale wale tisa, nna neno. Akauliza neno gani, ulishasema. Nikasema lile lilikuwa kikuukuu.

30 Ramadhani

Kaimati zimeshikana. Nimezila mwenyewe.

1 Mfungo Mosi

Idi. Lamya kanibusu mkono. Si kichwa, mkono. Nimelipokea busu lilivyo.

2 Mfungo Mosi

Nyumbani kwa Bi Sayyida walikuwapo wote tisa, wamevaa vizuri, wananukia. Walidhani nimekuja kupokea posa irudi. Mutasim alikuwa barazani na Saeed, mlango wazi, nikataka uachwe wazi. Lamya nilimchukua nikae naye ubavuni.

Nikaliweka sanduku katikati. Nikaitoa bastola, nikaishika kama alivyonifundisha Amur, na nikaanzia panapotakiwa kuanziwa.

"Hizi parafujo," nikasema. "Njooni muone. Hazijaguswa. Siku ile nilizitazama kabla ya chochote, na nilijua bastola ni mpya. Habari ya macho nimewadanganya, nyumba sita, na tende zenu nimekula. Nilimzulia Mutasim makusudi, kwa sababu anampeleka Lamya mbali. Siumwi macho. Naumwa roho."

Buthaina, aliyenililia mabegani, akavuta buibui lake kidogo, lisigusane na langu. Mwengine akasema "astaghfirullah" taratibu, ya kweli. Hakuna aliyekuja kunibusu. Huko barazani nilisikia kikombe kinawekwa chini, basi.

Bi Sayyida akanitazama. Nikamtazama, maana kuangalia chini nako nilishakugeuza maigizo.

"Mie sijakusamehe, Bi Aliya," akasema. "Ntakusamehe siku ntakayotaka, na hutoiona ikija."

"Haki yako."

"Kilemba rudi nacho. Kilikuwa cha mzee Amur, si chako." Kisha akaliinua dele la kahawa kutoka kwenye makaa, akaligeuza, mpini wake ukamwelekea mjukuu wangu. "Lamya, mwanangu, mikono yangu imechoka. Wamiminie watu nyumbani kwako."

Lamya akainuka. Nilisikia bangili zake, nikasikia Mutasim huko nje akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Akazunguka na dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, kama alivyofunzwa, na nani alimfunza haina haja kuandika. Kahawa huanzia kwa mkubwa. Mkubwa mle ndani nilikuwa mie. Akaanza na Buthaina, akapita kwa dada zake Sayyida, akapita kwa wote, nikafikiwa wa mwisho, dele limebaki machicha.

Akanipa. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Akanong'ona, "Salala kuna nyumba ya vyumba viwili, Bibi, kimoja chako. Usianze kuikagua."

Kikombe changu kilikuwa kimemeguka ukingoni, padogo, upande wa kidole gumba. Nilipaona. Nikanywa.